Maswali na majibu: roshani za The George

*Nimesikia Shakespeare alikuwa akikaa kwenye roshani za The George, ile nyumba ya wageni ya zamani kule Southwark, London. Ni kweli?*

Si kweli, na swali hili limenichosha. Shakespeare alifariki 1616. Moto wa 1676 uliteketeza sehemu kubwa ya Southwark, The George ya awali ikiwemo. Hii tunayoiona leo ni ya 1677. Kabla ya kuuliza nani alikaa kwenye jengo, uliza kwanza lilijengwa lini.

*Kwa nini milango ya vyumba iko nje, kwenye roshani, na kule kuna baridi kali?*

Swali zuri, hatimaye. Nyumba za aina hii zilipangwa kuuzunguka ua. Gari la farasi liliingia kwa lango la barabarani, likasimama uani, farasi wakafunguliwa na kupelekwa bandani. Abiria alipanda ngazi, akapita roshani hadi mlangoni kwake bila kukatiza chumba cha mtu aliyelala. Ujia wa ndani ungekula nafasi ya vyumba. Ukiwekwa nje juu ya nguzo za mbao, nafasi hiyo inabaki. Tena ukisimama pale juu unaona mizigo yako ikishushwa, na aliyewahi kupanda basi la usiku anajua faida yake. Wachoraji wetu wa hoteli za "kizamani" wanazibandika roshani upande wa barabarani, hazina kazi yoyote, halafu wanatoza hela ya urembo.

*Mbona The George imebaki na upande mmoja tu wa ua?*

Reli. Treni zilikwisha kuua biashara ya magari ya farasi, kisha kampuni ya Great Northern Railway, iliyokuwa ikimiliki jengo, ikabomoa pande nyingine mwaka 1889 ili ipate maghala. Ukabaki upande wa kusini, ambao tangu 1937 uko chini ya National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo ya kale. Nyumba za wageni jirani, Tabard na White Hart, zilivunjwa kabisa.

*Nyumba za mbao za Uingereza zilipakwa rangi nyeusi tangu mwanzo?*

Nyingi hapana. Weusi ule ulishamiri karne ya 19. Mwaloni, mti wa fremu za nyumba hizo, uliachwa ugeuke kijivu wenyewe, au ulipakwa chokaa pamoja na ukuta. Hukuuliza, lakini nakuonya: usiruhusu fundi apige saruji kwenye ukuta wa namna hiyo. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani, na mbao huoza huku plasta ikionekana nzima. Wenye nyumba za mawe Mji Mkongwe, Zanzibar, nao wanaponzwa na saruji hiyohiyo.

*Naweza kulala The George?*

Hapana. Ni baa.