Ukitaka kumwelewa Miró, anzia shambani

Wanafunzi wapya wa uchoraji wakiona picha za Joan Miró, mchoraji wa Hispania wa karne ya ishirini, kwa mara ya kwanza huniambia, "Hii hata mdogo wangu anaweza." Siwalaumu. Nami nilisema hivyo, nikapaka karatasi buluu, nikatia madoa meusi na mstari mwekundu, nikampelekea mwalimu wangu. Alifunika doa moja kwa kidole gumba, akauliza, "Kimepungua nini?" Hakikupungua kitu. Akafungua kitabu penye Bleu II, picha ya Miró ya mwaka 1961, akafunika doa moja vilevile. Safari hii picha nzima ililegea. (Tena ile yenyewe ina upana wa mita tatu na nusu, yangu ilitosha kufungia maandazi.)

Kwa hiyo usianze na madoa wala nyota. Anza na La Masia, picha ya shamba la familia yake huko Mont-roig, Katalunya, jimbo la Hispania, aliyoichora 1921 hadi 1922 kwa muda wa miezi tisa. Katikati umesimama mkaratusi. Ukuta wa nyumba una nyufa, na kila ufa kaufuatilia kwa brashi kana kwamba ataulizwa. Kuna konokono, mjusi, kopo la kumwagilia maji. Picha aliimalizia Paris, na majani makavu aliyabeba kutoka shambani asije akachora kwa kukisia. Baadaye Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, aliinunua. Leo iko Washington.

Kisha tafuta Terra llaurada, yaani ardhi iliyolimwa, picha yake ya 1923 na 1924. Nchi ni ileile ya Mont-roig, ila sasa mti umeota sikio na jicho, na mjusi kavaa kofia ndefu iliyochongoka. Hapo ndipo mimi nilipofumbuka macho: zile alama zake hakuziokota hewani. Ni vitu alivyovichora kwa ukamilifu kwanza, akavipunguza mpaka vikabaki vile visivyopungua tena.

Zoezi ninalowapa wageni ni la mwalimu wa Miró wa Barcelona, Francesc Galí. Alikuwa akimfunga macho, anampa kitu akipapase, kisha anamwambia akichore bila kukiona. Mimi hutumia tangawizi. Chupa ya soda haifai, mkono umeshaizoea na utaidanganya akili. Tangawizi ina vifundo usivyovitarajia. Ukiichora baada ya kuipapasa, mstari wako unaanza kupinda kwa sababu, siyo kwa mbwembwe. Fanya mara kumi kabla ya kugusa rangi.

Na ukifika kwenye rangi, usinunue boksi la rangi ishirini na nne. Nyeusi, nyekundu, njano, buluu na kijani zinatosha. Tia doa la kwanza, ondoka, kanywe chai. Ukirudi, funika kwa kidole gumba.