Barua kwa mwanangu: makochi yasubiri funguo

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili baada ya swala ya alasiri. Unasema benki ya huko Ohio, Marekani, imekukubalia mkopo wa nyumba kwa hatua ya awali, na duka la samani linakupa punguzo la makochi ukichukua kadi yao ya mkopo. Unauliza kadi moja itadhuru nini.

Usiichukue. Subiri usaini, ukabidhiwe funguo.

Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mimi na mama yako tuliponunua nyumba huko huko, nilichukua kadi ya duka kwa ajili ya friji, wiki mbili kabla ya kusaini. Mkopeshaji akapitia tena taarifa zangu siku za mwisho, kama wafanyavyo wengi, akakuta deni ambalo halikuwa kwenye fomu. Tukasimamishwa. Niliandika barua ya maelezo, hesabu zikapigwa upya, tukakaa siku tisa vyombo vyote vimefungwa kwenye maboksi. Mama yako hakunilaumu hata neno, na hilo liliniuma zaidi.

Unalikumbuka daftari la madeni dukani, hapa Ngamiani? Mtu akianza kukopa maduka matatu kwa wiki moja, wenye maduka huulizana ana nini. Huko daftari hilo wanalishika kampuni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Ukiomba kadi, mwenye kadi hulifungua, na kule kufungua hubaki kumeandikwa miaka 2, ingawa FICO, kampuni inayokokotoa alama za kuaminika kwako katika kukopa, huhesabu kufungua huko kwa miezi 12 tu. Wengi hupoteza pointi zisizofika 5 za alama hizo. Hizo hazinitishi.

Kinachonitisha ni kwamba daftari lako ni changa. Una kadi moja ya miaka minne. Ukiongeza nyingine leo, wastani wa umri wa kadi zako unashuka kuwa miaka miwili. Urefu wa historia ni asilimia 15 ya alama za FICO, na mikopo mipya asilimia 10. Halafu kuna deni la makochi lenyewe. Kadi za duka mara nyingi zina kikomo kidogo, makochi yatakimaliza karibu chote, na kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30. Rejesho la kila mwezi nalo litajumlishwa kwenye madeni yanayopimwa na mshahara wako. Benki ikiona hivyo inaweza kukupandishia riba, au kukukatalia kabisa. Riba ikipanda kidogo tu, kwa mkopo wa miaka 30, inameza punguzo la makochi mara nyingi.

Kulinganisha riba za benki mbalimbali usikuogope. Maombi ya mkopo wa nyumba yaliyo ndani ya siku 45 FICO ya sasa huyahesabu kama moja. Matoleo ya zamani, ambayo baadhi ya wakopeshaji bado huyatumia, hutoa siku 14, kwa hiyo maliza ndani ya wiki mbili. Maombi ya kadi hayana nafuu hiyo, kila moja huhesabiwa peke yake. Na ile kadi yako ya zamani usiifunge.

Ukishahamia, kadi ya pili ichukue kwa utulivu. Kikomo kikiongezeka na matumizi yakabaki yale yale, itakusaidia.

Kuna jirani anasafiri kuja huko mwezi ujao. Mama yako ameshamkabidhi mikeka miwili ya ukindu. Mtakaa chini kwanza. Niandikie tarehe ya kusaini ikijulikana.

Baba yako,
Tanga