Nassor, si pasipoti

Mwanangu Nassor,

Waalaikum salaam. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu, na anasema ile simu uliyomtumia inakula chaji.

Umeniuliza kwa adabu, lakini umeniuliza kweli: "Baba, nilipokualika umra huko Makka mara ya kwanza ulisema pasipoti, mara ya pili ukasema kazi za Idd zimekubana. Mama kanidokeza kwamba ni mwili. Kama ni ile ngozi iliyolegea niambie, huku Muscat wapo madaktari wanaoikata, nitalipa hata kabla ya tiketi." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu nikiwa kwenye cherehani, mteja kasimama anasubiri suruali yake. Nikaona hili siwezi kulijibu kwenye simu, mama yako akiwa pembeni katega sikio.

Ndiyo, ni ngozi.

Ulipoondoka 2017 nilikuwa na kilo 121. Nilikuwa Fundi Bonge, na jina hilo sikulichukia. Mtu mnene huku kwetu anaheshimiwa: mambo yake yanakwenda, mkewe anampikia. Nikiwa na miaka 54 ndipo kile kipimo cha sukari kikasoma 14 asubuhi, sijatia kitu mdomoni. Daktari akanieleza habari za miguu, za figo, za macho. Hapo kwenye macho ndipo nilipotishika, kwa maana fundi asiyeona tundu la sindano ni fundi wa nini? Nikaacha soda, nikaacha wali wa usiku, chapati zikawa za Ijumaa tu, na kila alfajiri nikawa natembea hadi Raskazone na kurudi. Miaka miwili baadaye mizani ikasoma 79, na iko papo hapo hadi leo. Haya unayajua, umenipongeza kwayo kila ukipiga simu.

Usilolijua ni kwamba watu hawakuniona napona, waliniona nakwisha. Mashavu yalishuka, shingo ikafanya mikunjo kama ya kobe. Mtu akipungua kwetu haulizwi amefanyaje, anapewa pole. Na wasiosema kitu ndio wabaya zaidi, kwa kuwa wameshajipa jibu, na jibu lenyewe unalijua. Kuna mwezi mmoja wateja wanne walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Watatu walikuwa na visingizio. Wa nne, mzee mwenzangu, akasema ukweli: "Fundi, Mungu akuafu, lakini kitambaa hiki nimetumiwa kutoka Dubai. Nimeona nisije kusumbuana na warithi." Mama yako alicheka hadi akatoa machozi. Mimi nami nilicheka, lakini mchana tu.

Sasa ngozi yenyewe. Unaikumbuka lastiki ya bukta? Ukiivuta ukaiachia, inarudi. Ukiivuta ukaifunga hivyo hivyo miaka ishirini, siku ukiifungua hairudi, nyuzi za ndani zimekatika. Ngozi nayo ina nyuzi zake za kuivuta irudi, na zangu zilivutwa muda mrefu, halafu zikaachiwa uzeeni, wakati hata ngozi ya mtu mwembamba imeanza kuchoka. Ya kijana wa miaka 25 huenda ingejirudi kiasi. Yangu imebaki. Nikiinua mkono kusimamisha bajaji, mkono unasimama, nyama uzembe ya chini inaendelea kupunga. Nikisujudu, tumbo linafika kwenye msala kabla ya paji la uso. Kifua nitakisema mara moja tu, kisha usiniulize tena: kimelala kama cha bibi yako, Mungu amrehemu.

Nimenunua mafuta, usidhani sikununua. Shilingi elfu sitini, kopo dogo, yule binti akaniapia kwamba ndani ya wiki sita ngozi itakaza. Nilichopata ni kunukia waridi. Kilichosaidia kidogo ni kunyanyua ndoo mbili za mchanga uani kila jioni. Mabega yamejaa, na mikono ya juu imepata nyama ya kuishikilia ngozi angalau nusu. Tumboni hakuna ndoo inayofika. Chini ya lile tumbo jasho likikaa ndani ya mkunjo huzaa fangasi na muwasho, na hiyo ndiyo adha ya kweli kuliko sura. Dawa ya kupaka nilipewa hospitali. Lakini kinachozuia isirudi ni kujikausha vizuri, nikibana kitambaa bila kusugua, kwa kipande cha kanga ya mama yako iliyochakaa ikawa laini. Taulo linachubua.

Aibu niliishonea nguo. Miaka 33 kazi yangu imekuwa hiyo, kuficha miili ya watu: huyu bega limeshuka, unamwekea pedi, yule ana kitambi, unamwachia nafasi mbele, unampunguzia nyuma. Basi nikajishonea mwenyewe. Fulana nene ya pamba ndani, kanzu ya shingo ndefu, mikono hadi kifundoni. Ulipokuja likizo mwaka juzi uliniona na kanzu asubuhi mpaka usiku ukasema, "Baba siku hizi umekuwa mcha Mungu." Nikanyamaza, ukanipa thawabu ambazo si zangu. Hata msikitini nilikuwa natangulia robo saa kabla ya adhana, ili nitawadhe peke yangu, nisikunje mikono ya kanzu mbele za watu.

Halafu wewe ukaniletea habari ya umra. Ihramu, vazi la mwanamume la umra, ni vipande viwili vya kitambaa, hakuna mshono, hakuna fulana, hakuna hata chupi. Na kwenye tawafu, kule kuizunguka Kaaba, bega la kulia liwe wazi mizunguko yote saba, na mitatu ya mwanzo mwanamume aende mbiombio. Mbiombio, Nassor, na tumbo hili!

Usiku mmoja baada ya vijana kuondoka nilifunga mlango wa duka, nikakata yadi kadhaa za kitambaa cheupe, nikajifunga mbele ya kile kioo cha wateja. Nikapitisha shuka la juu chini ya kwapa la kulia, nikalitupa begani kushoto, kama mnavyofundishwa. Bega langu nikaliona sawa, la mtu mzima. Chini yake ile ngozi imekaa kama mkono wa kanzu ya mtu mwingine niliyoazima. Nikavua, nikakunja, nikauza kile kitambaa asubuhi yake kwa hasara. Jioni ulipopiga simu nikakwambia pasipoti.

Kuhusu kukata. Mwaka jana nilipokwenda Kariakoo kuchukua vitambaa nilimwona daktari wa upasuaji, mama yako hajui, na wewe usimwambie. Nilimuuliza swali la kifundi: mshono unakaa wapi? Akacheka, akachukua kalamu akanichorea. Tumboni ni kutoka nyonga hii hadi nyonga ile. Mikononi ni kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko. Akasema mtu asikatwe mpaka uzito wake umetulia angalau miezi sita, na mwenye kisukari sukari yake iwe imedhibitiwa, la sivyo kidonda kinachelewa kufunga na kinaweza kuoza. Kuna na hatari ya damu kuganda mguuni ikapanda mapafuni. Hakunitisha wala hakunishawishi, nilimpenda kwa hilo. Akasema wenye vidonda visivyopona ndani ya mikunjo, kwao ni tiba hasa.

Mimi yangu inawasha tu siku za joto. Kwa hiyo sitaki, mwanangu. Simlaumu anayekatwa, ningekuwa na miaka 40 huenda ningekuwa nimeshapanda ndege. Lakini sukari imetulia kwa tabu, siendi kuichokoza kwa visu ili nibadilishe mkunjo nipate mshono. Hiyo pesa imalizie nyumba yako.

Umra nitakuja. Aibu bado ninayo, nisikudanganye. Ila wiki iliyopita jirani yetu wa nyumba ya pili amerudi kutoka Makka, mtu mwenye kitambi cha kutangulia kona. Nilimzungukia kwa maneno mpaka nikafika kwenye swali: kule watu wanatazamana miili? Akafikiri kweli kweli, kisha akasema hakumbuki mwili hata mmoja, anakumbuka nyayo zilivyomuuma kwenye ile marumaru na mwanamke mmoja aliyempa maji. Jibu hilo limenikaa. Na juzi nimetawadha na watu. Kijana aliyekuwa bomba la pili aliutazama mkono wangu, akatazama miguu yake, akaendelea kuosha. Basi.

Sasa sikiliza. Nitafutie ihramu ya kitambaa cha taulo, ile nzito, kubwa kabisa waliyo nayo. Nyepesi inagandana na mwili mtu akitoka jasho. Ile inayonigusa mapajani uifue kwanza mara mbili, ilainike. Mkanda wa kufungia shuka, wenye mfuko. Mafuta ya mgando kopo zima, lakini yasiyo na harufu hata chembe, maana nikishahirimia, yaani nikishanuia na kuingia kwenye ibada, manukato hayafai, na mapaja yangu bila nguo ya ndani hayafiki mzunguko wa nne. Tarehe ipange Januari au Februari, joto likiwa limepungua kule. Tukitangulia Madina tutahirimia Dhul Hulayfa, kile kituo cha kuhirimia nje ya Madina, nitapata nafasi ya kujifunga taratibu, si kwenye choo cha ndege.

Na kwenye tawafu Kaaba itakuwa kushotoni kwetu, kwa hiyo bega langu la wazi litakuwa upande wa watu. Wewe tembea kulia kwangu.

Baba yako