Nusu Saa Tupu Kabla ya Hodi ya Kwanza

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji ni jambo gani moja ambalo mwenye kuandaa sherehe ya sikukuu nyumbani kwake hapaswi kuliacha hadi siku yenyewe. Jibu langu ni hesabu ya saa: hesabu inayoanzia pale mgeni wa kwanza atakapopiga hodi na kurudi nyuma, saa baada ya saa, hadi mchana wa siku iliyotangulia.

Nililijua hilo kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita niliwaalika watu 22, chakula kikawa kizuri, wakala wakasifu, lakini mimi niliwaona mara mbili tu: walipoingia, na walipokuja kuniaga jikoni nikiwa nimeshika mwiko. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hakupona, aliuguza mgongo siku mbili. Nilipokaa kujiuliza kosa lilikuwa wapi, niligundua kwamba vyakula vinne kati ya sita nilivyochagua vilihitaji moto katika nusu saa ileile ya mwisho, ilhali jiko langu ni la plati nne na mbili kati ya hizo hazibebi sufuria ya watu 22. Nilikuwa nimepanga vyakula kwa kufikiria ladha, sikufikiria jiko.

Tangu hapo huchukua karatasi moja, nikaandika juu kabisa saa ya wageni kuingia, kisha nikachora safu moja kwa kila plati na safu nyingine ya oveni, na kuteremka nikijaza kila chombo kitakaa wapi na kwa muda gani. Safu moja ikidaiwa na sufuria mbili kwa wakati mmoja, chakula kimoja hutolewa orodhani au hupikwa jana yake, hata kama ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kwa kawaida nabaki na chakula kimoja tu cha kumalizia dakika za mwisho, vingine ni vya kupashwa moto, na kimoja au viwili huliwa vikiwa baridi.

Kupika jana yake, hata hivyo, kuna masharti ambayo watu wengi huyapuuza. Bakteria wanaoharibu chakula huzaana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, na sufuria kubwa ya nyama iliyofunikwa na kuachwa ipoe yenyewe hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, hata kama kingo zake zimekwisha kupoa. Yupo bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye hujihifadhi katika umbo gumu linalostahimili mchemko na kuanza kuzaana upya chakula kinapopoa polepole. Ndiye anayehusishwa mara nyingi na kuumwa matumbo baada ya karamu za watu wengi. Dawa yake ni rahisi: chakula kigawanywe katika vyombo vipana visivyo na kina kirefu, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na kesho yake kipashwe hadi katikati yake ifike nyuzijoto 74. Mezani nako saa hazisimami, kwani chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, au saa moja ikiwa joto la mahali hapo limezidi nyuzijoto 32. Kwa sababu hiyo sipendi bakuli kubwa linalokaa mezani tangu mwanzo hadi mwisho. Natoa dogo, likiisha naleta jingine safi, wala siongezi chakula kipya juu ya kile cha zamani.

Vyombo hivyo vipana ndivyo vitakavyokulazimisha kutoa vinywaji ndani ya friji, na ni vizuri vitoke, maana friji iliyosheheni chupa haipozi chochote ipasavyo. Tumia beseni la barafu, ukikadiria takriban nusu kilo kwa kila mgeni, na umimine maji humo. Barafu peke yake hugusa chupa sehemu chache tu, ila maji yaliyopoa huizunguka chupa yote na kuipoza haraka zaidi.

Usiku wa kuamkia sikukuu hufanya jambo ambalo watu wa nyumbani walilicheka mwanzoni. Napanga mezani sahani na trei zote zikiwa tupu, na ndani ya kila moja naweka kipande cha karatasi kinachotaja itabeba nini. Mara ya kwanza nilipojaribu niligundua kwamba trei mbili kubwa hazikai pamoja juu ya meza, na kwamba kijiko kikubwa cha kupakulia kilikuwa kimoja kwa vyakula vitatu. Mambo hayo ukiyagundua usiku ule unayacheka. Ukiyagundua wageni wamekwisha kushika sahani, unatoka jasho.

Usafi usikuchoshe: choo, sebule na njia ya kupitia vinatosha, na chumba kisichoingiwa na mtu kifungwe. Hesabu ya wageni ithibitishwe wiki moja kabla, na katika simu hiyohiyo kila mmoja aulizwe kama kuna chakula kinachomdhuru, maana wengi huona haya kusema wasipoulizwa.

Liko pia suala la joto na kelele. Mtu aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100, kwa hiyo watu 20 chumbani ni sawa na kuwasha hita ya wati 2,000. Madirisha yafunguliwe kabla hawajaingia, si baada ya watu kuanza kujipepea. Ama muziki, daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 jinsi mtu anavyopaza sauti bila kujijua akiwa penye kelele, na kila anayepaza sauti humlazimisha jirani yake naye apaze. Uweke chini kuliko unavyodhani unafaa, na umweke mtu mwingine kuulinda, kwa kuwa daima yupo mgeni anayekwenda kuupandisha.

Sehemu ya karatasi ninayoithamini kuliko zote ni nusu saa ya mwisho, ambayo huiacha tupu kabisa. Ni ya kuoga, kuvaa na kukaa kitini. Pembeni yake naandika kazi nne ndogo, kama kugawa glasi au kupokea makoti na mikoba, ili mgeni anayeuliza "nikusaidie nini?" apewe jibu papo hapo badala ya ile "hapana, kaa tu" inayomfanya asimame mlangoni pa jiko bila la kufanya.

Asubuhi inayofuata, kabla sijaosha sufuria ya kwanza, naigeuza karatasi ile na kuandika nyuma yake kiporo kilichobaki ni cha chakula gani na kiasi gani, kilichokwisha mapema, na saa halisi ambayo mgeni wa kwanza aliingia. Ninazo tano sasa, zimebandikwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni, na katika zote tano mgeni wa kwanza aliwahi.