Fremu ya nyumba ya kuvulia samaki barafuni: ekseli inafungwaje?

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea, Mkenya ninayeishi Minnesota. Trela za mizigo nimezizoea. Sasa mteja anataka fremu ya nyumba ya kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, futi 6 na nusu kwa 14, ivutwe na pikapu kisha ishuke mpaka ilale kwenye barafu. Ekseli niifunge vipi?

JIBU: Usifunge ekseli kabisa, fundi. Ekseli inayokatiza chini kutoka upande mmoja hadi wa pili ndiyo itakayoizuia nyumba isilale. Kila gurudumu lipewe mkono wake nje ya ukuta: bawaba kwenye bomba la pembeni, na upande wa nyuma stabu, yaani ekseli fupi ya gurudumu moja.

Vipimo vyote vinaanzia kwenye tairi. Ya 205/75R15 ina kipenyo cha inchi 27 hivi, kwa hiyo katikati ya stabu ni inchi 13 na nusu kutoka chini, au 13 ikibeba mzigo. Ukitumia bomba la pembeni la inchi 2 kwa 3 lililosimama, na bawaba katikati yake, nyumba ikilala bawaba iko inchi moja na nusu tu juu ya barafu. Stabu lazima ipande inchi 12 juu ya bawaba. Mkono wa inchi 16 unaolala sawa barabarani utafika hapo kwa nyuzi 49. Acha nafasi hadi 60. Na kumbuka gurudumu halipandi wima: linasogea mbele zaidi ya inchi 5. Madigadi nyingi hugongwa kwa kusahau hilo.

Winchi huinua na kushusha nyumba, lakini njiani inayoibeba ni pini inayofunga kila mkono usipande, si waya wa winchi. Tuseme kila gurudumu linabeba ratili 1,300. Pini iliyo inchi 8 kutoka kwenye bawaba, nusu ya urefu wa mkono, inabeba 2,600, na shimo la barabarani linaweza kuzidisha hiyo mara tatu. Tumia pini ya inchi moja, ipite kwenye bamba mbili za unene wa inchi 3/8, moja kila upande wa mkono. Pini iliyoshikwa upande mmoja hupinda, na ikishapinda haitoki, hasa kwenye baridi. Bawaba iwe na bushi na nipo ya grisi.

Kitovu cha gurudumu kiwe asilimia 60 ya urefu wa nyumba kutoka mbele, yaani karibu futi 8 na inchi 5, mkono ukiwa barabarani. Lengo ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote kukaa kwenye ndoano ya pikapu; uzito ukirudi nyuma, nyumba itayumba. Muulize mteja jiko, vitanda na mitungi ya gesi vitakaa wapi kabla hujakata chuma.

Muulize pia mashimo ya kuvulia. Mabomba ya kukingama ya inchi 2 kwa 2, kila inchi 24, yapangwe baada ya mashimo, sio kabla. Yachomelee yawe sawa na bomba la pembeni kwa juu, ili chini ibaki inchi moja na nyumba ikalie ukingo wake tu. Mkono wa kuvutia nao usipite chini ya fremu kama ulivyozoea kwenye trela. Uchomelee katikati ya mabomba.

Shika kila kiungo kwa nukta kwanza, pima mishazari miwili ya fremu, kona hadi kona ya mkabala, tofauti isizidi inchi 1/8, ndipo uchomelee kwa kurukaruka pande. Ziba ncha zote za mabomba. Maji yakiingia na kuganda humo, bomba hupasuka.

Breki: sheria ya Minnesota inazitaka trela ikifika ratili 3,000 pamoja na mzigo, na hii itafika. Waya wa breki uachiwe ulegevu kwenye bawaba.

Mteja akifika ziwani, aweke vipande vya mbao chini ya ukingo kabla ya kushusha. Chuma kikilala juu ya barafu yenye majimaji, asubuhi kimeshikwa, na winchi itavuta mkono mpaka upinde huku nyumba haijanyanyuka.