Takwimu za ajira na mtaani kwetu

Mkuu umeuliza hizo takwimu za ajira zinatoka wapi wakati vijana mtaani wamejaa vijiweni. Mi naona hazijapikwa, ishu ni kipimo. NBS, ile ofisi ya taifa ya takwimu Tanzania, kwenye utafiti wa 2020/21 walitoa asilimia 9 hawana ajira, ila kuna kile kipimo cha ILO (shirika la kazi duniani), ukipiga kazi ya kulipwa hata saa 1 tu ndani ya wiki unahesabiwa una ajira, basi.

Sasa njoo hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa Mwanza. Dogo wa jirani yangu ana diploma ya uhasibu, anabeba magunia ya dagaa, usiku wa giza ndo dagaa wanavuliwa, hapo anapiga hela, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala na yeye analala, sasa jiulize karani wa takwimu akimkuta wiki ya giza anaandika nini? Anafanya kazi. Kweli anafanya, lakini mkataba hana, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) hana, na kesho hajui.

Halafu aliyekata tamaa kabisa akaacha kutafuta huyo kwenye hicho kipimo cha ILO hata kwa wasio na ajira hayumo. We ukisoma ripoti usiishie hiyo asilimia ya jumla, angalia wangapi wako sekta isiyo rasmi na kipato chao, huko ndo utaikuta Mwanza yetu.