Jibu: Mashine ya kufungia vijahazi

Ndugu yangu wa Langoni, umeuliza kama ununue mashine ya kufungia vijahazi vyako vya mbao, hiyo mifano midogo ya majahazi, ndani ya plastiki, kama viwanda vya midoli ya kukusanya. Subiri kwanza. Kiwandani plastiki hutoka kwenye roli, hukunjwa bomba kuzunguka mdoli, kisha taya za moto huziba na kukata. Mbele kuna mizani: pakiti ikiwa nyepesi husukumwa pembeni, maana kipande kimesahaulika. Hiyo ndiyo ya kuiga! Mizani ya jikoni yatosha. Ila usipime kijahazi chenyewe, mbao hazilingani. Pima kifuko cha vipande vyake: tanga, kamba na nanga. Kuziba plastiki, tumia kichomeo cha mkono. Na mbao zikauke kweli. Mimi vyangu viliota ukungu ndani ya plastiki.